Uliza Tukujibu: Nataka kuhariri makala za michezo Wikipedia, naanzia wapi?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba Wikipedia ya Kiswahili, ile kamusi elezo ya bure inayoandikwa na watu wa kawaida kama mimi na wewe, ina makala nyingi za michezo zilizolala usingizi, mchezaji kashahama timu tatu lakini ukimsoma mle bado yuko kule kule. Basi meseji zikamiminika. Nimechagua zinazogusa watu wengi, zinazofanana nimeziunganisha, na matusi ya watani wa jadi nimeyaacha huko huko kwenye simu yangu.

Shikamoo anko. Mi ni kijana wa form six, nina simu tu sina kompyuta. Hivi kweli mtu yeyote anaingia na kubadilisha makala? Na nikiharibu je, si watanifungia? – Kijana, Mbagala

Marahaba mwanangu. Kweli, yeyote, na simu inatosha kabisa, wapo watu wameandika makala kibao kwa simu tu. Fungua sw.wikipedia.org, ingia kwenye makala, utaona alama ya penseli juu na nyingine pembeni ya kila kichwa kidogo. Gusa ile ya sehemu unayotaka kurekebisha, manake ukifungua makala nzima kwenye kioo kidogo utapotea njiani. Andika, soma tena, endelea mbele, hapo utaulizwa umebadilisha nini, jibu kwa kifupi tu kama "nimerekebisha mwaka wa kuzaliwa, nimeweka chanzo", halafu chapisha. Hicho kimstari cha maelezo wageni wengi wanakiruka na ndo kinachofanya wazoefu wawatilie shaka, kwa hiyo we usikiruke.

Kuhusu kuharibu ondoa hofu. Kila toleo la makala linatunzwa kwenye historia yake, tangu siku ya kwanza ilipoandikwa, mtu akikosea anarudishiwa ilivyokuwa dakika hiyo hiyo na maisha yanaendelea. Anayefungiwa ni yule anayeharibu makusudi, akaonywa, akarudia. Fungua akaunti, ni bure, tumia jina lolote ila sio la klabu wala kampuni, na weka barua pepe, maana ukisahau nywila na hukuweka barua pepe ndo basi tena.

Sasa usianze na makala mpya. Anza na sentensi moja. Tuseme umekuta makala ya Yanga ina mstari unaosema tu "ilifungwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023". Sio uongo, ila mtu asiyejua atadhani walipigwa mechi moja wakaenda nyumbani. Fungua ile namna ya kuhariri inayoonyesha alama, inaitwa kuhariri chanzo, halafu uandike hivi:

Yanga ilifungwa 2-1 na [[USM Alger]] jijini Dar es Salaam tarehe 28 Mei 2023, ikashinda 1-0 mjini Algiers tarehe 3 Juni, na USM Alger ikatwaa kombe kwa faida ya mabao ya ugenini.<ref>Jina la gazeti, kichwa cha habari, tarehe, linki</ref>

Mabano mraba mawili mawili yanatengeneza linki ya kwenda makala nyingine. Ikitokea nyekundu usishtuke, ina maana hiyo makala bado haijaandikwa. Hiyo ref ni chanzo chako, inakaa mwishoni mwa sentensi, na yenyewe itajipeleka chini kwenye Marejeo na kujipa namba. Ukishaijua hiyo umeshaijua nusu ya kazi, sikutanii, mengine yote utayaiga kwa kuangalia makala ya jirani imeandikwaje.

Kaka mhariri, nimekasirika. Jumamosi nilikuwa uwanjani, straika wetu katupia mbili, nikaingia kwenye makala yake nikaongeza mabao mawili kwenye kile kiboksi cha pembeni, kesho yake nakuta wamefuta. Kwani mi muongo? – Shabiki damu damu, Tanga

Pole ndugu yangu, hamna aliyekuita muongo. Shida ni kwamba msomaji aliyeko Muscat au Minneapolis, miaka kumi ijayo, hawezi kukupigia simu kukuuliza kama kweli ulikuwepo. Wikipedia haipokei "niliona kwa macho yangu", inapokea kilichochapishwa mahali ambapo mtu mwingine anaweza kwenda kukisoma: ripoti ya mechi kwenye gazeti, takwimu za Bodi ya Ligi, tovuti ya shirikisho la mpira la Tanzania (TFF) au la Kenya (FKF), tovuti ya lile la Afrika (CAF). Hata ungekuwa refa mwenyewe wa hiyo mechi bado tungekuomba chanzo.

Halafu kuna jambo la pili ambalo hukuniambia. Hayo mabao yalikuwa ya ligi au ya kombe? Maana kwenye kile kiboksi, kwa mazoea ya wahariri wa mpira karibu lugha zote, mechi na mabao ya klabu yanayohesabiwa ni ya ligi ya ndani tu. Kombe la FA halimo, michuano ya Afrika haimo, mechi za kirafiki ndo kabisa. Mchukue Fiston Mayele akiwa Yanga msimu wa 2022/23. Kwenye ligi alimaliza na mabao 17 akalingana kileleni na Saido Ntibazonkiza wa Simba, na kwenye Kombe la Shirikisho Afrika akaibuka mfungaji bora kwa mabao 7. Mtu mwenye haraka atajumlisha aandike 24 kwenye kiboksi, na mwenzie atakuja kupunguza, na mwingine ataongeza, wiki nzima watu wanavutana kumbe wote wana hesabu sahihi ila wanahesabu vitu tofauti. 17 inakaa kwenye kiboksi, 7 inakaa kwenye maelezo ya msimu au kwenye jedwali la takwimu huko chini, yenye safu yake ya michuano ya Afrika.

Na ukigusa mabao gusa na mechi alizocheza, na chini ya kiboksi kuna tarehe ya "takwimu ni sahihi hadi", nayo ibadilishe. Ukibadilisha mabao ukaiacha tarehe ya mwaka juzi, anayekuja baada yako ataona mabao hayalingani na tarehe, atafuta, na hatakuwa amekosea. Kingine, tafadhali wadau, msihariri mechi ikiwa inaendelea! Bao limeingia dakika ya 60, wewe ushaliweka, dakika ya 62 VAR, wale marefa wa video, imelikataa na we ushatoka kwenda kununua chipsi.

Habari za huko. Huku Eldoret tumebishana mpaka tumechoka, mimi nasema rekodi ya dunia ya marathon iandikwe 1:59:40 ya Kipchoge, jamaa anasema hapana, na makala yenyewe kila mtu anaihariri kivyake. Nani yuko sawa? – Mpenzi wa riadha

Habari ni njema. Kwa hili rafiki yako kakushinda, ila na wewe hujapoteza kila kitu.

Kipchoge alikimbia 1:59:40 Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, hilo ni tukio la kweli, dunia nzima iliona, na kuliacha nje ya makala yake itakuwa kituko. Lakini haikuwa mbio ya wazi ya ushindani. Wasaidizi wa kasi 41 walikuwa wanaingia na kutoka kwa zamu, vinywaji vilikuwa vinamfuata kwa baiskeli, mbele yake kuna gari linamulika mstari barabarani. Sheria za riadha haziruhusu rekodi ya namna hiyo, kwa hiyo shirikisho la dunia halikuiweka kwenye vitabu. Rekodi zake zilizotambuliwa ni zile za Berlin, 2:01:39 mwaka 2018 na 2:01:09 mwaka 2022. Baadaye Kelvin Kiptum akakimbia 2:00:35 Chicago tarehe 8 Oktoba 2023, na ikathibitishwa Februari 2024, siku chache tu kabla ya ile ajali iliyomuondoa. Inauma hadi leo.

Kwa hiyo pale penye neno rekodi weka zilizothibitishwa na World Athletics, ndo hilo shirikisho la dunia, na Vienna ipe aya yake yenyewe, eleza ilifanyikaje na kwa nini haikuhesabiwa. Msomaji akimaliza atakuwa amejua vyote viwili. Ukiona mwenzio ameibadilisha tena usibadilishe na wewe, nenda kwenye ukurasa wa Majadiliano wa hiyo makala, andika hoja yako na linki, weka sahihi yako kwa alama nne za mawimbi ~~~~ jina na muda vitajiandika vyenyewe. Mkirudishiana hivyo zaidi ya mara tatu kwa siku, wote wawili mnaweza kusimamishwa, na hakuna atakayeuliza nani alikuwa na haki.

Bosi mambo. Mimi nacheza ligi daraja la tatu mkoa, nina kipaji, natafuta timu nje. Kuna mtu kaniambia kwa laki mbili ananitengenezea ukurasa Wikipedia na hautafutwa. Nimlipe? – Winga teleza, Morogoro

Usimlipe! Hela hiyo kanunue viatu.

Kwanza hakuna mtu anayeweza kukuahidi kwamba ukurasa hautafutwa, hana hayo mamlaka, ukurasa unaweza kujadiliwa na kufutwa hata ukiwa na miaka mitano. Pili, anayeandika kwa malipo analazimika kutangaza wazi kwamba amelipwa na nani, sasa muulize huyo bwana kama atatangaza uone atakavyokwepa. Tatu, na hili ndo kubwa, makala inasimama kama watu wasiokuhusu wameshaandika habari zako kwa kina: sio tangazo la usajili la mstari mmoja, sio posti ya timu yako, sio mahojiano uliyoomba mwenyewe. Zamani kule kwenye Wikipedia ya Kiingereza mchezaji akigusa mpira mechi moja tu ya ligi ya kulipwa alikuwa anahesabiwa anastahili, wakaja kuifuta hiyo kanuni mwaka 2022 baada ya kuona wana maelfu ya makala za mistari miwili ambazo hakuna wa kuziendeleza.

Usijiandikie wewe mwenyewe pia, wala usimwandike kaka yako au kocha wako, utashindwa kuwa na jicho la nje, mtu anajipenda bwana. Ila unachokijua wewe kina thamani sana ukikipeleka kwingine. Ligi ya mkoa wenu imeanza lini, imezaa timu gani zilizopanda, uwanja wenu una historia gani, gazeti gani liliandika? Humo ndo makala zetu zina njaa. Na soka la wanawake vile vile, Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake 2022, nenda kaone mwenyewe utakuta maandishi kiasi gani juu ya wachezaji wale.

Dada yenu hapa. Nimetoa picha nzuri ya mchezaji Instagram nikaipakia, imefutwa. Nembo ya klabu nayo imefutwa. Google si zipo tele? – Mama Junior, Arusha

Zipo tele dada lakini zina wenyewe. Picha zinazokaa Wikimedia Commons, ambako ndiko picha nyingi za Wikipedia zinatunzwa, lazima mpigaji awe ameziachia kwa leseni huru inayoruhusu mtu yeyote kuzitumia, hata kwa biashara. Ya Instagram hata ukiandika jina la mpigaji chini bado sio yako kuitoa, na nembo ni mali ya klabu. Dawa ni moja, nenda na simu yako mazoezini au mechi ya wazi, piga mchezaji akipasha misuli, pakia mwenyewe kama kazi yako. Picha yenye ukungu kidogo ya kwako inakaa, picha kali ya kuiba haikai.

Mzee, kuna mtu kila siku anaandika kwenye makala ya Simba maneno ya kejeli, na wa kwao nao wanakuja kwetu. Sisi tufanye nini? – Mwana Msimbazi, Kigoma

Hili halitaisha leo wala kesho, tuambizane ukweli. Mchezo ninaouona sana ni wa kufuta kinachouma. Wa Jangwani, yaani Yanga, anaifuta 6-0 waliyofungwa tarehe 19 Julai 1977, wa Msimbazi, yaani Simba, anaifuta 5-0 waliyofungwa tarehe 1 Juni 1968. Zote zimetokea, zote zina vyanzo, zote zinabaki, na kila moja inaandikwa kwa sentensi kavu isiyo na kicheko ndani yake. "Mabingwa wasioshindika", "timu ya wananchi kweli kweli", "walidhalilishwa", "waligaragazwa", hayo ni ya kijiweni na kwenye vipindi vya redio, huko yana utamu wake, humu yatafutwa. We andika nani alicheza na nani, wapi, lini, matokeo, nani kafunga, basi.

Na angalieni majina. Ile mechi ya 1968 Yanga haikucheza na Simba, ilicheza na Sunderland, jina la Simba limekuja 1971. Klabu ni hiyo hiyo iliyoanza 1936, ila ukiandika mechi ya zamani tumia jina la wakati huo na unganisha linki kwenye makala ya Simba. Wahariri wengi wapya wanapitwa hapo.

Kejeli ukiikuta, rudisha toleo la nyuma kupitia historia, mara moja, bila kujibu tusi. Ikirudi, peleka taarifa kwa wakabidhi, ndo wasimamizi wa Wikipedia yetu, wao wanaweza kuufunga ukurasa kwa muda ili wageni wasiuguse.

Ndugu, salamu kutoka Bujumbura. Nataka kutafsiri makala za wanariadha wetu kutoka Kifaransa kuja Kiswahili, inaruhusiwa au ni kunakili? – Mwalimu

Salamu mwalimu wangu, inaruhusiwa na tunaiomba sana. Kutafsiri kutoka Wikipedia nyingine hakuna shida maadamu useme, kwenye kile kimstari cha maelezo andika "imetafsiriwa kutoka Wikipedia ya Kifaransa" na jina la makala, ili walioiandika mwanzo wapate haki yao, leseni inataka hivyo. Kunakili kutoka gazetini neno kwa neno hiyo ndo hapana, hata ukiweka chanzo.

Anza na Vénuste Niyongabo. Atlanta 1996, Burundi inashiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza kabisa, yeye anamwachia mwenzake Dieudonné Kwizera nafasi ya mita 1500, anaingia kwenye 5000 ambayo hakuwa mzoefu nayo, anatoka na dhahabu. Habari kama hiyo ikikaa vizuri kwa Kiswahili itasomwa kuanzia Kigoma mpaka Lubumbashi. Mashine ya kutafsiri itumie kama msaidizi tu, ikishamaliza soma kwa sauti, sentensi ambayo mtangazaji wa mpira hawezi kuitamka hewani ibomoe uiandike upya. Na usihamishe vyanzo kwa kufumba macho, fungua kila linki uone kama inasema kile kilichoandikwa, maana Wafaransa nao wanakosea.

Mkuu, vyanzo vya miaka ya sabini tunavitoa wapi? Intaneti haina kitu. – Mstaafu, Karatu

Shikamoo mzee wangu. Chanzo sio lazima kiwe na linki, hapa ndo watu wengi wanajikwaa. Gazeti la karatasi ni chanzo halali kabisa, andika jina la gazeti, tarehe, ukurasa, kichwa cha habari na mwandishi kama yupo. Uhuru lipo tangu 1961, Daily News tangu 1972, kwa Kenya kuna Nation tangu 1960, na Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar ni mahali pa kuanzia kutafuta matoleo ya zamani. Ukipata ruhusa piga picha ukurasa kwa ajili ya kumbukumbu zako, usiipakie.

Na kwa kuwa uko Karatu nina kazi yako. Filbert Bayi ni wa huko kwenu, na ile mbio yake ya Christchurch ya tarehe 2 Februari 1974 watu wengi wanaijua kwa mstari mmoja tu, kwamba alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa 3:32.16. Lakini angalia ilivyokuwa: aliongoza mwanzo hadi mwisho, John Walker wa New Zealand akaja wa pili kwa 3:32.52, naye pia chini ya rekodi ya zamani ya Jim Ryun ya 3:33.1, na Ben Jipcho wa Kenya wa tatu 3:33.16. Hapo unahitaji magazeti ya Februari 1974: nyumbani walimpokeaje, serikali ilisema nini, shule aliyosoma ilifanya nini. Hayo Waingereza hawatakuja kutuandikia. Mzee ukiyapata hata mawili tu yenye tarehe na ukurasa, mjukuu anakuandikia kwenye simu.

La haraka: CHAN, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, imechezwa Agosti 2025 huku kwetu, kwa nini makala inaitwa CHAN 2024? Niibadilishe? – Fundi simu, Kampala

Usiibadilishe. Ndo jina rasmi la CAF, michuano ya 2024 ilisogezwa mbele ikachezwa 2025 Kenya, Tanzania na Uganda, Morocco wakabeba kwa kuifunga Madagascar 3-2 pale Kasarani. Olimpiki ya Tokyo 2020 nayo ilichezwa 2021 na jina likabaki. Tarehe halisi inakaa sentensi ya kwanza. Na kabla hujaanzisha makala yoyote ya mashindano tafuta kwanza kwa majina yote, kirefu na kifupi, Kiswahili na Kiingereza, maana nimekuta mara nyingi makala mbili za kitu kimoja. Ukizikuta usifute yoyote, acha ujumbe kwenye Majadiliano ya ile fupi kwamba ziunganishwe, na utaje ipi ina vyanzo vingi.